Meneja Msaidizi katika Mkahawa wa Pizza Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mtu aliyeshika funguo za mkahawa wa pizza mjini Kampala kwa miaka kadhaa. Yanawalenga wanaofikiria kuomba kazi hii, waliopandishwa cheo juzi na bado hawajaelewa wamepewa nini, pamoja na wenye mikahawa wanaotaka kujua wamdai nini msaidizi wao. Jambo moja litajirudia ndani yake: sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mteja hajafika, na jioni yenye wateja wengi huonyesha tu kama jana yake ilifanywa vizuri au ovyo.

Meneja msaidizi hufanya kazi gani hasa?

Meneja mkuu hutazama mwezi, na msaidizi wake hutazama zamu. Meneja mkuu huulizwa na mwenye mali kuhusu kodi ya jengo, faida na mikataba ya wauzaji wa bidhaa. Msaidizi huulizwa kwa nini mpishi mmoja hajafika, kwa nini chenji imekwisha saa moja jioni, na nani ameruhusu pizza tatu zifutwe kwenye mashine. Katika mikahawa mingi ya Kampala yeye ndiye hufungua au kufunga mlango, hupanga zamu, huhesabu stoo, hupokea bidhaa, hukagua jikoni, husuluhisha malalamiko na hukabidhi fedha za siku. Meneja mkuu akiwa hayupo, jambo ambalo hutokea mara nyingi zaidi kuliko mkataba unavyosema, msaidizi ndiye mkahawa wenyewe.

Ugumu wa cheo hiki ni kwamba wajibu wake ni mpana kuliko mamlaka yake. Anaweza kumrudisha nyumbani mhudumu aliyekuja amelewa, lakini mara nyingi hawezi kumpandishia mshahara mhudumu aliye bora kuliko wote. Kabla ya kukubali nafasi hii, omba uandikiwe mambo matatu: ni hasara ya kiasi gani unaruhusiwa kuifuta bila kumpigia mtu simu, ni nani unaweza kumwonya kwa maandishi, na ni nani unayemjibu wewe. Nimeona wasaidizi wanaopokea amri kutoka kwa meneja, kwa mwenye mali, kwa mke wa mwenye mali na kwa mhasibu, na amri hizo nne hazikuwahi kufanana.

Unga wa kesho hukadiriwaje leo?

Swali hili ndilo kiini cha kazi yote, na mtu anayelijibu vizuri anaweza kusamehewa makosa mengine mengi. Unga wa pizza hauandaliwi mteja akiwa amesimama kaunta. Hukandwa, hukatwa madonge, kisha madonge hulazwa kwenye jokofu kwa saa 24 au zaidi ili hamira ifanye kazi polepole, ladha ikue na unga uwe rahisi kutandazwa. Kwa hiyo madonge utakayouza Ijumaa yalipaswa kuhesabiwa Alhamisi, na ukikosea hesabu hiyo hakuna ushujaa wa Ijumaa unaoweza kukuokoa.

Chukua mfano wa kawaida. Kilo 25 za unga wa ngano, lita 15 za maji, nusu kilo ya chumvi, nusu kilo ya mafuta na hamira kidogo hutoa takriban kilo 41 za unga uliokandwa. Ukikata madonge ya gramu 270, ambayo yanatosha pizza ya inchi 12, utapata karibu madonge 150. Sasa jiulize: kesho ni siku gani? Jumanne, ambapo mikahawa kadhaa mjini huwapa wateja pizza ya pili bure, huweza kula madonge mengi kuliko Jumamosi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia, si sawa na Ijumaa ya tarehe 14. Jumapili mchana huleta familia zilizotoka kanisani, na familia huagiza pizza kubwa. Mechi kubwa ya Ligi Kuu ya Uingereza huwaweka watu nyumbani na kwenye baa, wakati oda za simu zikipanda. Siku za Idi, Krismasi na Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni zina tabia zao, nazo hutegemea mtaa uliopo: mkahawa wa Kololo na mkahawa wa Kabalagala haijazi viti kwa saa zilezile.

Weka daftari. Mashine ya mauzo itakupa idadi, lakini haitakuambia kwamba siku ile mvua ilinyesha tangu saa kumi hadi saa tatu usiku, au kwamba barabara ya Jinja ilikuwa imefungwa. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, pamoja na huu ninaoutoa hapa.

Madonge yaliyobaki baada ya siku ya tatu huanza kuwa machachu, hulegea na hupasuka yakitandazwa. Yatupe, na uandike kwamba umeyatupa. Msaidizi anayeficha hasara ya unga kwa kumuuzia mteja donge lililozeeka ameuza mara mbili: pizza moja na mteja mmoja.

Kwa nini jibini hupimwa kwa mizani, wakati wapishi wana uzoefu?

Kwa sababu mkono wa mpishi hukua kadiri anavyochoka. Tuseme kipimo cha pizza ya inchi 12 ni gramu 150 za jibini na mpishi anaweka 170. Hakuna mteja atakayelalamika, wala mpishi hajaiba kitu. Lakini gramu 20 mara pizza 150 ni kilo tatu kwa siku, yaani kilo 90 kwa mwezi wa siku 30, na jibini ndicho kitu ghali kuliko vyote vilivyo juu ya pizza, hata ile inayotengenezwa humu nchini kutokana na maziwa ya magharibi mwa Uganda. Mizani ndogo ya jikoni hulipa gharama yake kwa siku chache.

Hesabu nyingine inayowashangaza wahudumu wapya ni ya ukubwa. Pizza ya inchi 16 haizidi ya inchi 12 kwa theluthi moja, ingawa namba zinaonekana hivyo. Eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo, hivyo ya inchi 12 ina takriban inchi za mraba 113 na ya inchi 16 ina 201. Kubwa inahitaji karibu asilimia 78 zaidi ya kila kitu. Mpishi anayeongeza jibini kwa theluthi tu atatoa pizza kubwa iliyo uchi, na mteja aliyelipa zaidi ndiye atakayeiona.

Kuhusu nanasi, ambalo mjadala wake haujawahi kwisha jikoni kokote: nanasi bichi la Kayunga ni tamu mno kuliko la kopo, lakini lina maji mengi. Likatwe, lichujwe na likaushwe kwa kitambaa safi kabla ya kuwekwa, la sivyo katikati ya pizza patakuwa bwawa.

Usafi na usalama wa chakula unamhusu meneja msaidizi au mpishi mkuu?

Mkaguzi akifika saa tano asubuhi, atamuuliza aliye na funguo. Kila anayegusa chakula anatakiwa kuwa amepimwa afya na kuwa na cheti kinachoonyesha hivyo, na ni vyema vyeti hivyo vikae kwenye faili moja lililo karibu na kaunta, tarehe za kwisha zikiwa zimeandikwa juu kwa kalamu nyekundu.

Jokofu lisizidi nyuzi 4 za Selsiasi, friza iwe chini ya nyuzi 18 za baridi, na chakula kinachowekwa moto kisishuke chini ya nyuzi 60. Joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60 ndilo ambalo bakteria hulipenda, na kuku aliyechemshwa asubuhi kisha akaachwa mezani mpaka saa nane mchana amekaa humo muda wote. Kipimajoto cha jokofu kisomwe angalau mara mbili kwa siku na namba iandikwe, na iandikwe namba iliyosomwa kweli. Karatasi ambayo kwa mwezi mzima imejazwa nyuzi 3 kwa mwandiko uleule na kalamu ileile haimdanganyi mkaguzi yeyote.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Kwanza, uwe umejua utafanya nini kabla haujakatika. Mikahawa inayotumia mita za Yaka, zile za kununua yuniti kabla ya kutumia, hukumbwa pia na giza la kujitakia, yaani yuniti zimekwisha na aliye na simu ya kununulia yuko safarini. Msaidizi awe na uwezo wa kununua yuniti yeye mwenyewe na kurudishiwa fedha zake. Aprili 2025 usambazaji wa umeme ulitoka mikononi mwa kampuni iliyoitwa Umeme kwenda kwa kampuni ya serikali ya UEDCL, hivyo hakikisha namba za kuripoti hitilafu zilizobandikwa ukutani ni za sasa.

Pili, fungeni milango ya majokofu na mtu yeyote asiifungue kwa udadisi. Jokofu lisilofunguliwa hutunza baridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa huweza kufika saa 48. Tatu, usidhani tanuri la gesi litaendelea kufanya kazi, kwa kuwa matanuri mengi yenye mkanda unaotembea huchoma kwa gesi lakini huendesha mkanda na feni kwa umeme. Jenereta iwashwe na kujaribiwa kila wiki hata kama umeme haujakatika, na mafuta yake yapimwe jioni, si usiku. Tanuri la kuni, kwa wale walio nalo, halijali lolote kati ya haya, na katika usiku wa giza mwenye tanuri la kuni huwa na majirani wengi.

Malipo ya simu huwapotezaje watu fedha, na nitajilindaje?

Wateja wengi hulipa kwa MTN MoMo au Airtel Money, na hilo ni jambo jema kwa sababu chenji hupungua. Hatari iko kwenye ujumbe. Mteja anaonyesha simu yake yenye ujumbe unaosema amelipa, foleni ni ndefu, mhudumu anaitikia na pizza nne zinaondoka. Ujumbe huo unaweza kuwa wa kughushi, au ni wa muamala wa jana. Mimi mwenyewe niliwahi kuruhusu oda ya namna hiyo usiku wa Ijumaa, katika mkahawa ambao sitautaja, na nilijua ukweli saa tano usiku nilipolinganisha hesabu. Kanuni ni moja tu: malipo huthibitishwa kwenye simu au akaunti ya mkahawa, kamwe si kwenye simu ya mteja. Mwambie mteja kwa heshima, "Ssebo (yaani bwana), nisubiri kidogo, naangalia upande wetu," naye hatachukia. Atakayekasirika kupita kiasi ndiye wa kuangaliwa kwa makini.

Oda zilizofutwa baada ya kulipwa ndizo mlango wa pili wa hasara. Kila ufutaji uwe na sababu iliyoandikwa na sahihi ya msaidizi, na pasiwe na mtunza fedha anayejua namba yako ya siri. Tukiwa hapo: risiti za mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato Uganda, ambao umekuwa wa lazima tangu Januari 2021 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, si hiari ya mteja. Mkahawa uliosajiliwa hutoa risiti hata kama mteja amesema haihitaji.

Waendesha bodaboda wanaopeleka oda wako chini ya nani?

Hutegemea. Wapo walioajiriwa na mkahawa, wapo wanaolipwa kwa kila safari, na wapo wa programu za simu kama Glovo, ambao hukujua sura zao mpaka walipofika kaunta. Kwa walioajiriwa, wewe ni kiongozi wao kamili: kofia ngumu, leseni, breki za pikipiki na muda wa kupumzika ni mambo yako. Usimwahidi mteja wa Ntinda dakika 30 saa kumi na mbili jioni, kwa sababu ahadi hiyo hutekelezwa na mtu anayepenya kati ya malori, si na wewe uliyeitoa.

Mvua ndiyo mtihani mkubwa. Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, oda hupanda saa ileile ambayo waendeshaji hujikinga chini ya vibaraza, na sehemu kama Bwaise hujaa maji. Ni bora kufunga oda za mbali kwa saa moja na kumwambia mteja ukweli kuliko kupokea oda 20 ambazo zitafika zimelowa baada ya saa mbili.

Namba za simu za wateja zinastahili neno la pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kwa jambo ambalo hakuzitolea. Mteja wa kike aliyetoa namba ili apate pizza hakuitoa ili mwendeshaji amtumie salamu usiku wa manane. Likitokea, lichukuliwe kama kosa la kinidhamu, si mzaha wa vijana.

Mkahawa unaouza nyama ya nguruwe unawahudumiaje wateja Waislamu?

Kwa ukweli. Ikiwa jiko moja na tanuri moja vinatumika kwa nyama ya nguruwe na vyakula vingine, mhudumu asiseme "hamna shida" ili tu auze. Sahani, visu vya kukatia na vyombo vya kuhifadhia vitengwe kwa rangi, na mteja aelezwe jinsi tanuri linavyotumika ili aamue mwenyewe. Mikahawa kadhaa imeamua kuacha kabisa nyama ya nguruwe na kutafuta cheti cha halali, na kibiashara uamuzi huo una mantiki katika mji ambao mezani pamoja huketi Mkristo, Mwislamu na Msabato.

Mshahara ni kiasi gani, na makato yake ni yapi?

Hakuna kiwango kimoja. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa rasmi Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichotangazwa mwaka 1984, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa sahihi na Rais. Kwa hiyo sheria haitakusaidia kujadili mshahara; utajadili mwenyewe, na silaha yako ni kujua mauzo ya mkahawa na hasara unayoweza kuizuia.

Makato ndiyo yenye utaratibu. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, kodi ya mapato ya mwajiriwa huanza mshahara unapozidi shilingi 235,000 kwa mwezi: asilimia 10 hadi 335,000, asilimia 20 hadi 410,000, na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo. Mfuko wa NSSF hupokea asilimia 5 kutoka kwako na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Tuchukue mshahara wa kufikirika wa shilingi 900,000: kodi ni 172,000, NSSF ni 45,000, na mkononi zinabaki 683,000 kabla ya kodi ya huduma za mitaa na makato mengine. Mwajiri anapokutajia mshahara, muulize kama ni kabla au baada ya makato, kwa sababu ugomvi mwingi wa mwezi wa kwanza hutokana na swali hilo ambalo halikuulizwa.

Tangu marekebisho ya mwaka 2022, kila mwajiri anawajibika kuchangia NSSF, hata mwenye wafanyakazi watatu. Angalia akaunti yako kwa simu kila mwezi. Karatasi ya mshahara inayoonyesha makato si uthibitisho kwamba fedha zimefika kwenye mfuko.

Saa za kazi na likizo zikoje?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na hata kukiwa na muda wa ziada isizidi saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu siku za kawaida na mara mbili siku za mapumziko ya taifa. Kila baada ya siku sita za kazi mfululizo kuna saa 24 za kupumzika. Likizo ya mwaka hupatikana kwa siku saba kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi kwa mama na siku nne za kazi kwa baba.

Ndivyo ilivyoandikwa. Mazoea ya mikahawa ni kwamba cheo cha meneja hutumika kufuta muda wa ziada kimyakimya, na kwamba msaidizi hufunga saa sita usiku kisha hutakiwa kufungua saa mbili asubuhi. Panga zamu zako mwenyewe kwa haki ileile unayowapangia wengine, na usafiri wa usiku uwe sehemu ya mazungumzo ya ajira, hasa kwa wanawake, maana bodaboda ya saa saba usiku ina gharama isiyohesabiwa kwa shilingi peke yake.

Nimepandishwa cheo kutoka miongoni mwa wahudumu. Nitawaongozaje waliokuwa wenzangu?

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu chochote isipokuwa ratiba ya zamu, na hiyo iwe ya haki kiasi kwamba hata asiyekupenda aione. Ratiba ndiyo hotuba yako ya kwanza. Ukimpa rafiki yako Jumapili zote za mapumziko, hakuna maneno mazuri yatakayofuta hilo.

Maonyo yatolewe faraghani, kwa lugha ambayo mtu anaielewa. Jikoni mwa Kampala utasikia Kiluganda, Kiingereza, Kiswahili cha Tororo, Kiswahili cha Bunia na mengine mengi, na nimewahi kuona kijana akionywa kwa Kiingereza, akaitikia kila neno, kisha akarudia kosa kesho yake kwa sababu hakuelewa lolote. Waliokuzidi umri waheshimu kwa jinsi unavyowaita. Mpishi wa miaka 50 ukimwita kwa jina lake tupu kwa kuwa sasa una kitambulisho kifuani, umepoteza msaada wake, nawe unauhitaji usiku wa Ijumaa kuliko yeye anavyokuhitaji.

Je, lazima niwe na shahada?

La. Wapo waliosomea Jinja katika chuo cha taifa cha hoteli na utalii, ambacho wengi bado wanakiita Crested Crane, wapo wahitimu wa usimamizi wa hoteli kutoka MUBS, chuo cha biashara cha Makerere, pale Nakawa, na wapo walioanza kwa kufagia. Cheti husaidia kuitwa kwenye usaili. Baada ya hapo utapewa karatasi ya mauzo ya jana na kuulizwa unaona nini. Aliyefagia kisha akajifunza kuisoma karatasi hiyo hupita mbele ya wengine.

Mimi si raia wa Uganda. Naweza kuajiriwa?

Wakimbizi waliotambuliwa wana haki ya kufanya kazi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, na Wakongo wengi wako katika mikahawa ya Kampala kwa utaratibu huo. Raia wa Kenya na Rwanda wamesamehewa ada ya kibali cha kazi, lakini kibali chenyewe bado kinahitajika. Kujua Kiswahili vizuri ni faida halisi kazini: Baraza la Mawaziri lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi, na tangu zamani ndiyo lugha ya mteja aliyetoka Goma, Nairobi au Mwanza.

Fedha au bidhaa zikipotea katika zamu yangu, naweza kukatwa mshahara au kufukuzwa papo hapo?

Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara kwa sababu yoyote anayoitaka. Makato yanayokubalika yametajwa katika sheria. Akikutuhumu, anaweza kukusimamisha kazi wakati uchunguzi unaendelea kwa muda usiozidi wiki nne, akikulipa nusu ya mshahara. Kabla ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu anatakiwa akueleze sababu katika lugha unayoielewa na akupe nafasi ya kujitetea ukiwa na mtu uliyemchagua. Mambo yakishindikana, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Lakini ulinzi wako wa kwanza uko kwenye makabidhiano. Kila zamu ianze kwa kuhesabu fedha za chenji watu wawili wakiwapo, na wote wawili waandike majina yao. Siku utakapoona aibu kumhesabia mwenzako kwa sababu mnaaminiana, ndiyo siku ambayo shilingi 200,000 hazitakuwa za mtu yeyote.

Nikitaka kuondoka, niache vipi?

Toa taarifa ya maandishi: wiki mbili ukiwa umefanya kazi zaidi ya miezi sita na chini ya mwaka mmoja, mwezi mmoja kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, miezi miwili kutoka mitano hadi kumi. Kisha andaa karatasi ya makabidhiano inayotaja funguo zote, namba za siri zitakazobadilishwa, mizani, vipimajoto, simu ya malipo na salio lake, idadi ya madonge yaliyomo kwenye jokofu asubuhi hiyo, na isainiwe na anayepokea. Omba cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako ukikiomba. Na daftari lako la mvua na mechi, ingawa utatamani kuondoka nalo, linakiliwe nakala moja iachwe kwenye droo ya kaunta, kwa kuwa atakayekufuata ataulizwa Alhamisi ijayo unga wa Ijumaa ni kiasi gani.